Maji Yaliyofunguliwa Juu Hufika Lini Chini?

Mada ya Kamati ya Maji kwa wanachama na wageni, usiku wa harambee



Tumezoea usiku kama huu kuchangia kitu kinachoonekana: bati, saruji, madawati. Mwaka huu Kamati inaomba fedha za mbao za kupimia kina cha maji, kamba, na posho ndogo ya vijana watakaozisoma. Wapo waliotuuliza, na wana haki kabisa kuuliza: mbao zilizochorwa namba zitamwagilia nini? Jibu ni refu kidogo, mtuvumilie.

Ndani ya ukumbi huu wamo waliozaliwa juu ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa, kwenye miteremko ya Uporoto ambako Mkoji na wenzake hutoka wakiwa baridi na wazima hata mwezi wa kumi. Wamo pia waliozaliwa chini ya barabara, upande wa Utengule na kuteremka mpaka mbugani, ambako mto huo huo kiangazi ni mchanga mweupe wenye nyayo za ng'ombe. Wa juu hupanda maharage, viazi na mahindi ya kuchoma kwa maji ya kiangazi. Wa chini husubiri. Ndipo simu zinapoanza. Wa chini anasema, "Mmeufunga mto." Wa juu anajibu, "Tumefungua banio tangu jana asubuhi." Undugu unaingia ufa, na mara nyingine hata mkutano wa kijiji haumalizi.

Tunachotaka kusema usiku huu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kwa wakati mmoja. Mto una mwendo wake na una ushuru wake njiani. Asiyejua mwendo na asiyejua ushuru atamwita jirani yake mwizi.

Tuanze na mwendo. Kiangazi, maji yakiwa haba na yakipita taratibu, mwendo wa nusu mita kwa sekunde ni mzuri tu. Mwendo huo ni kilometa 43 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ukishuka mpaka robo mita kwa sekunde, jambo la kawaida kwenye tambarare zetu, siku nzima inakupa kilometa 21 na kitu. Kwa hiyo kijiji kilicho kilometa 40 chini ya banio kikitazama mto saa kumi na mbili baada ya banio kufunguliwa na kukuta hakuna kitu, hakijaona ushahidi wa wizi. Kimeona umbali.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mto ukiwa tayari una maji, habari ya maji hutangulia maji yenyewe. Mkifungua banio juu, kina huanza kupanda kule chini kabla maji mliyoyafungua hayajafika, kwa sababu yanayosukumwa ni yale yaliyokuwa mbele yake. Ni kama foleni ya watu: ukimsukuma wa nyuma, wa mbele huyumba ingawa aliyemsukuma bado yuko nyuma. Wimbi hilo huweza kwenda kwa mara moja na nusu hivi ya mwendo wa maji yenyewe. Lakini mto ukiwa mkavu hakuna foleni ya kusukuma. Maji ya kwanza lazima yatembee yenyewe juu ya mchanga, na mchanga hauruhusu mtu kupita bure.

Tuchukue mfano, na tunasisitiza ni mfano wa kupigia hesabu, maana namba za kwetu wenyewe ndizo tunazokwenda kuzitafuta. Tuseme kutoka banio la juu mpaka mashamba ya mwisho ni kilometa 24 za mto uliokauka, wenye upana wa mita 5. Tuseme maji yatashiba mchanga kwa kina cha sentimeta 20 tu, na kwamba katika mchanga mkavu sehemu tatu kati ya kumi ni nafasi tupu za kujazwa. Zidisheni: mita 24,000 mara 5, mara 0.2, mara 0.3. Mnapata mita za ujazo 7,200. Kama waliofungua juu wametoa lita 200 kwa sekunde, mchanga peke yake unahitaji saa 10 za maji hayo kabla haujashiba. Juu ya hapo mto wenyewe lazima ujae ili maji yatembee. Kwa mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde, kilometa 24 ni karibu saa 17. Jumla saa 27.

Sasa tazameni zamu. Tuseme wazee wa juu na wa chini wamekaa wakakubaliana kwa haki na kwa nia njema: kila wiki siku mbili za maji ni za watu wa chini. Siku mbili ni saa 48. Ukitoa 27 za njiani, mto unapita kwa nguvu yake kwenye mashamba ya mwisho kwa saa 21 tu. Ni kweli banio likifungwa juu, yaliyokwisha kuingia mtoni huendelea kushuka, lakini huo ni mkia wa maji. Unapungua saa hadi saa, haupandi kwenye mfereji wa mbali, na aghalabu hupita usiku. Wiki ijayo mchanga umekwisha kukauka tena, na ushuru unalipwa upya.

Jaribuni kuunganisha zamu mbili ziwe moja: siku nne mfululizo kila baada ya wiki mbili. Saa ni 96 zile zile. Lakini safari ya kulowesha mchanga inalipwa mara moja tu, na watu wa chini wanapata saa 69 za mto wenye nguvu, badala ya 42. Mita za ujazo 7,200 zilizokuwa zikimezwa mara ya pili zimeokolewa. Hakuna aliyenyang'anywa hata tone, wala hakuna bwawa lililojengwa.

Hatusemi iwe hivyo kesho. Mwenye kitalu cha mpunga hawezi kungoja wiki mbili, miche itakufa. Mwenye bustani kule juu, siku nne bila maji mwezi wa tisa si mchezo, na akina mama wanaolima maharage ya kuuza barabarani wametuambia hivyo waziwazi. Huenda jibu likawa siku tatu kila siku kumi, au kuwabakishia wa juu mfereji mmoja wa bustani. Hayo ni ya kujadiliana. Tunachosema ni kwamba mjadala hauwezi kuwa wa maana kama hakuna anayejua ile saa 27 kwetu ni ngapi. Ikiwa ni 15, zamu ya siku mbili inafaa. Ikiwa ni 40, zamu hiyo ni ahadi ya karatasi.

Tuje kwenye ushuru wa njiani, yaani maji yanayopotea. Kuyakadiria si kazi ya injinia peke yake. Chagueni sehemu ya mto iliyonyooka, isiyo na miti iliyoanguka wala vidimbwi. Pimeni mita 20 ukingoni, mkite vijiti. Pimeni upana, na kina mahali pengi kuvuka mto, mpate kina cha wastani. Kisha tupeni chungwa. Chungwa ni zuri kwa kazi hii: huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana. (Watoto watataka kulila. Chukueni mengi.) Hesabuni sekunde zake, rudieni mara tano au sita, mpate wastani. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yanayoburuza chini, mwendo wa chungwa huzidishwa kwa 0.85 ndipo upatikane mwendo wa mto wote.

Tuseme kwenye kituo cha juu upana ni mita 4, kina cha wastani sentimeta 25, na chungwa limetumia sekunde 50. Huo ni mwendo wa 0.4, ukizidisha kwa 0.85 ni 0.34. Mto unapitisha lita 340 kwa sekunde. Kilometa 12 chini yake mnapima tena: upana mita 3, kina sentimeta 20, sekunde 40. Mnapata lita 255. Katikati kuna mfereji mmoja mnaoujua, mmeupima nao, unachukua lita 50. Basi 340 toa 50 toa 255, zinabaki lita 35 zisizo na mwenyewe.

Nani kazichukua? Mtu wa kwanza kusingiziwa ni jua. Tumpigie hesabu yake. Katika kiangazi cha Usangu, milimita 6 za maji kwa siku kupanda angani kutoka kwenye maji yaliyo wazi ni makadirio ya haki. Mto wa kilometa 12 kwa upana wa mita 4 una eneo la mita za mraba 48,000. Milimita 6 juu yake ni mita za ujazo 288 kwa siku, na hizo ni lita 3 na kitu kwa sekunde. Jua limechukua tatu kati ya thelathini na tano. Zilizobaki ama zimezama ardhini, ama zimenyonywa na mizizi ya matete na miti ya ukingoni, ama kuna mfereji ambao hamkuutembelea. Njia ya kujua ni kutembea kwa miguu kilometa zote 12, ukingo wa kulia na wa kushoto. Hakuna hesabu inayofuta kazi hiyo.

Na jihadharini na saa. Mkipima juu saa moja asubuhi na chini saa moja asubuhi hiyo hiyo, mmepima maji mawili tofauti. Yanayopita chini asubuhi yaliondoka juu usiku, wakati wakulima wamelala na mifereji mingine imefungwa, hivyo mto utaonekana haupotezi kitu. Kwa mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde, kilometa 12 ni saa 8 na dakika 20. Aliyepima juu saa moja asubuhi, mwenzake wa chini apime karibu saa tisa na nusu alasiri. Ndiyo maana hatuwezi kujua maji yanayopotea bila kujua muda wa safari. Na ndiyo maana vijana wanaosoma mbao lazima wawe na simu na wapatane.

Neno lenyewe "kupotea" lina mwenyewe. Maji yanayozama mchangani, ambayo mwenye shamba la chini anayalilia, ndiyo yale ambayo mama anayafukua kwa kata katikati ya mto mkavu mwezi wa kumi ili apate ndoo ya kupikia. Visima vifupi vya pembezoni hunywa humo humo. Vivyo hivyo maji yanayotoka kwenye majaruba na kurudi mtoni kwa chini: wa juu "ameyatumia", lakini jirani anayatumia tena. Kama mkipima na kukuta mto umeongezeka mahali ambapo hakuna kijito kinachoingia, msishangae, tafuteni majaruba. Tungependa hesabu yetu ionyeshe maji yameenda wapi, kuliko kuyaandika yote kwenye safu moja ya hasara.

Jua tulilolitetea, lakini, lina mahali pake pa kuvuna. Teremkeni na Ruaha Mkuu mpaka Ihefu. Huko maji hayakimbii kwenye mfereji mwembamba, yanatandazwa chini ya matete kwenye eneo kubwa. Tuchukue kilometa za mraba 100. Milimita 6 kwa siku juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 600,000 kwa siku, karibu mita za ujazo 7 kila sekunde. Na mlango wa kutokea, pale Ng'iriama, una kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba huo, hakuna kinachotoka, hata kama ndani bado kuna viboko wanaoogelea. Wataalamu waliochapisha hesabu zao mwaka 2006 walifika pale pale: ziingie kama mita za ujazo 7 kwa sekunde wakati wa kiangazi ndipo nusu mita itoke kwenda Hifadhi ya Ruaha.

Tunalitaja hili kwa sababu tumeishi matokeo ya kutolijua. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu hukatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mwaka 2001, London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Frederick Sumaye, alitangaza kwamba serikali itaunga mkono mpango wa kuufanya mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Miaka ya umeme wa mgao, macho yaligeuzwa kwetu kwamba ndio tunaokausha Mtera na Kidatu, vituo ambavyo kwa pamoja vina megawati 284. Mwaka 2006 wafugaji wengi walihamishwa Usangu, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya mbuga ikaingizwa ndani ya hifadhi. Mwaka 2010 ulikuja ukapita, na mto uliendelea kukatika. Wapo watafiti walioonyesha kwamba Mtera hujazwa hasa na maji ya masika, na kwamba namna bwawa lilivyoendeshwa ilikuwa na mchango mkubwa kuliko mifereji yetu ya kiangazi. Lakini walikuwa na vitabu vya vipimo. Sisi tulikuwa na malalamiko. Kwenye meza ya aina hiyo, malalamiko hayana kiti.

Hatusemi wana-Usangu hatuna sehemu yetu. Mabanio yameongezeka, mpunga umeongezeka, na yanayochukuliwa juu hayawezi kufika Ng'iriama. Tunasema sehemu yetu ipimwe, ijulikane ni kiasi gani, ya nani, na mwezi gani.

Baadhi yenu mtaukumbuka ule mchezo wa gololi ulioletwa kwetu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao miaka ya mwanzo ya 2000. Ubao ulioinuliwa upande mmoja, mto katikati, vijiti vya kuzuia vikiwa ndiyo mabanio, gololi ndiyo maji. Ulifundisha vizuri kuliko semina nyingi: aliyekaa juu aliweza kujishibisha bila hata kukusudia kumkosesha wa chini, na wazee walicheka halafu wakanyamaza. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kwamba gololi hufika chini kwa sekunde mbili na hakuna inayozama kwenye ubao. Wa chini alijua amenyimwa au amepewa. Hakujifunza kungoja.

Sasa tunachoomba. Mbao tatu za kina: moja karibu na barabara kuu, moja katikati, moja kwenye mashamba ya mwisho, zikijengewa nguzo za zege zisizochukuliwa na mafuriko ya kwanza. Kila ubao asomaye mmoja, kijana wa kijiji hicho hicho, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Kina peke yake si mtiririko, kwa hiyo mwaka wa kwanza itabidi kupima kwa machungwa mara nyingi, maji yakiwa mengi na yakiwa haba, mpaka kila ubao uwe na jedwali lake: kina hiki, lita hizi. Mafuriko yakihamisha mchanga, jedwali linarekebishwa. Kazi hii haiishi, na tunasema mapema ili mtu asichange akidhani anajenga darasa.

Kazi yote tutaifanya pamoja na Jumuiya za Watumia Maji, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua, na kwa kupata idhini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kabla hatujachimba hata shimo moja mtoni. Daftari litakuwa wazi kwa wa juu na wa chini. Nakala itabandikwa kila ofisi ya kijiji, na picha ya ukurasa wa siku itatumwa kwenye kundi letu la simu ili aliyeko Dar es Salaam au Muscat asianze kugombana na kaka yake kabla ya kuusoma.

Jambo moja la mwisho kuhusu wasomaji wa mbao. Imependekezwa kijana wa kituo cha chini atoke chini na wa juu atoke juu. Kamati inapendekeza kinyume kwa mwezi mmoja kila mwaka: wabadilishane vituo. Kijana wa Uporoto akae mwezi wa kumi kwenye ubao wa mwisho, asome sifuri asubuhi na sifuri jioni, na siku ya zamu ahesabu saa mwenyewe mpaka maji yamguse miguu. Fedha ya nauli na chakula chake imewekwa kwenye makadirio, ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, mstari wa nne. Ni ndogo kuliko zote, na tungependa ipate mchangiaji wa kwanza.